Moto Uliofungwa Bomani

Kulikuwa na nchi, wala mtu asiulize iko wapi, maana hata waliokuja kuimiliki walipata taabu kuionyesha kwenye ramani. Nchi hiyo haikuwa ya mfalme wala haikuwa ya wananchi. Ilikuwa ya Kampuni.

Mambo yalianza hivi. Malkia mmoja wa ng'ambo, mama wa watu, mpenda biskuti na vijibwa, aliletewa karatasi na mabwana waliovaa vizuri. Wakamwambia kuna nchi imekaa tu, haina mwenyewe. Malkia akauliza kama ina watu. Wakamjibu kwamba watu wapo, tena wengi, ila mwenyewe ndiye hayupo. Malkia akaingiwa na huruma, nchi nzima kuzurura hivyo kama kuku wa njiani, akaigonga muhuri karatasi ile, ndiyo huo Mkataba. Kuanzia hapo milima, mito, nyuki, mvua inayonyesha na watu wanaonyeshewa, vyote vikawa mali ya Kampuni Tukufu ya Ustawi na Manufaa. Wenyeji hawakuarifiwa. Siku hiyo walikuwa shambani.

Kampuni ikamleta meneja. Jina lake lilikuwa refu na lenye mikwaruzo, likawashinda watu kulitamka, wakamwita Bwana Faida-Yenu, kwa sababu kila agizo lake lilianza kwa maneno hayo. Kwa faida yenu, njia ya mtoni imefungwa. Kwa faida yenu, mtalala mapema. Alikuwa mtu mwekundu, mpole, mwenye jasho jingi, na hakumpigia mtu kelele hata mara moja. Watu walisema afadhali angepiga, wangejua wakati wa kukimbia.

Nyuma ya kiti chake bomani palikuwa na misumari mitatu, na kila msumari na kofia yake. Ya kitani ilikuwa ya duka. Nyeusi ilikuwa ya hakimu. Ile yenye manyoya ya jogoo ilikuwa ya gavana. Mtu akihukumiwa na hakimu na asiridhike, Mkataba ulimpa haki ya kukata rufaa kwa gavana. Alitolewa nje, akangojeshwa barazani kidogo, akaitwa tena, akamkuta gavana kwenye kiti kile kile, akimsikiliza kwa makini na kumsikitikia sana kwa yaliyompata. Kisha gavana alieleza kwamba kwa bahati mbaya hawezi kuingilia kazi ya hakimu.

Kazi kubwa ya Kampuni ilikuwa nta. Nchi ile ilijaa nyuki, na huko ng'ambo nta ilitakiwa kwa mishumaa na kwa kung'arishia viatu vya mabwana wale wale waliokwenda kwa Malkia. Kila nyumba ikapangiwa donge lake. Asali wenyeji waliruhusiwa kula, mpaka Kampuni ilipogundua kuwa asali ni tamu.

*

Basi huko mabondeni, katika kijiji cha Mifereji, alikaa mjane mmoja aitwaye Bi. Mashavu. Alikuwa mtu wa maneno machache na kuni nyingi. Kuni zake alizipanga ukutani kwa aina zake: hizi za kuchochea, hizi za kushikilia moto usiku kucha, hizi za moshi wa kufukuza mbu. Miundi ya miguu yake ilikuwa na alama za kahawia zilizosukana kama wavu, zile anazozipata mwanamke aliyekaa karibu na jiko umri wake wote. Wanawake wa Mifereji walizionea fahari alama hizo kuliko bangili.

Watu wa huko hawakuwa na desturi ya kuwasha moto. Moto uliombwa. Ule wa Bi. Mashavu aliupokea kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, na hakuna aliyepata kusikia habari za siku ambayo haukuwapo. Usiku ulifunikwa majivu, alfajiri ukafunuliwa, na jua halijapanda vizuri wanawake walikuwa mlangoni na vigae mkononi. "Hodi, mama. Nimekuja kuomba moto." Bi. Mashavu alichagua kaa zuri, akalilaza kigaeni juu ya majivu, akauliza mtoto anaendeleaje na tumbo, yule mama naye akaeleza, na hivyo ndivyo habari zilivyosambaa kijijini pamoja na moto, zote zikiwa bado za moto.

Waliokula moto mmoja walikuwa ndugu. Hawakuoana, hawakushtakiana, na msiba wa mmoja ulikuwa wa wote. Na mtoto alipozaliwa, maji yake ya kwanza yalipashwa kwenye moto wa bibi mzaa mama. Bibi alikaa chini, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto juu ya miundi yake na kumwosha taratibu, huku akimtajia jina la kila aliyewahi kuutunza moto ule. Hapo mtoto alikuwa amefika kwao. Ikitokea maji yamepashwa kwenye moto wa mtu mwingine, basi mtoto ni wa yule mwenye moto, hata awe na pua ya baba yake.

Bi. Mashavu alikuwa na mtoto mmoja tu, Chausiku, na Chausiku alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mumewe alikuwa amechukuliwa kubeba nta kwenda pwani, na wabeba nta walirudi Kampuni ilipokumbuka kuwarudisha. Kwa hiyo kumpokea mtoto ilikuwa kazi ya Bi. Mashavu, na jambo aliloliomba asubuhi na jioni lilikuwa moja tu: siku hiyo ikifika, moto uwepo.

*

Shida ilikuja ndani ya makasha. Kampuni ilileta viberiti, shehena nzima, vyenye picha ya Malkia akitabasamu. Vikapangwa dukani mpaka darini. Bwana Faida-Yenu akavaa kofia yake ya kitani, akakaa kungoja wanunuzi. Hakuja mtu.

Alikuwa na karani, kijana wa Mifereji aitwaye Feruzi, aliyelelewa nyumba ya pili kutoka kwa Bi. Mashavu, akala moto wake tangu hajaota meno. Bwana akamwita na kumwuliza watu hawa wanakula vibichi au vipi. Feruzi akaeleza habari ya vigae na makaa.

"Wanaombana?" akauliza bwana.

"Ndiyo, bwana."

"Bure?"

Feruzi akatazama chini, akaona haya kwa niaba ya kijiji chote. Akasema ndiyo, bure.

Bwana Faida-Yenu alijipangusa jasho, kama mtu aliyepewa habari za msiba. Halafu akavua kofia ya kitani, akavaa ile ya manyoya, na tangazo likasomwa sokoni siku hiyo hiyo. Kwa faida yenu, moto wote usiotoka dukani kwa Kampuni ni moto wa magendo. Atakayeomba moto ni mwizi, atakayetoa ni mpokeaji wa wizi, na kigae ni chombo cha uhalifu. Bei ya kiberiti kimoja ni donge moja la nta.

Sasa, nta haichukuliwi mzingani bila moshi, na moshi hautoki bila moto. Kwa hiyo mtu alihitaji kiberiti ili apate nta, na alihitaji nta ili apate kiberiti. Bwana Faida-Yenu alilieleza jambo hili kwa furaha kubwa, akichora duara mchangani kwa fimbo yake. Alisema jambo hilo linaitwa uchumi.

*

Watu ni watiifu, hasa wakiwa hawana la kufanya. Wakazima mioto yao, wakanunua. Lakini hapo likazuka jambo ambalo Kampuni haikulitazamia.

Wazee wa Mifereji walikaa kikao. Wakahesabiana: moto wa nyumba hii umetoka wapi? Dukani. Wa nyumba ile? Dukani. Wa kijiji cha ng'ambo ya mto? Dukani vilevile. Basi kama moto ni mmoja, na waliokula moto mmoja ni ndugu, nchi nzima imekuwa tumbo moja. Na ndugu hawaoani. Harusi zote zikavunjwa. Kijana mmoja aliyekwisha kupeleka mahari akaambiwa amwite mchumba wake dada, akalia mbele za watu. Wenye kesi za mipaka ya mashamba wakazifuta kwa uchungu mkubwa. Na wazee wakaenda bomani kwa heshima zote, wakamwamkia Bwana Faida-Yenu kwa jina la mjomba, maana mwenye duka ndiye mwenye moto, wakamwuliza msiba wa Mzee Tamimu, aliyekufa wiki ile, atauchangia nini.

Bwana Faida-Yenu aliandika ng'ambo kwamba wenyeji wameanza kumpenda.

Nyumba moja tu haikuzima. Bi. Mashavu alikwenda dukani kama wenzake, akatoa nta yake, akachukua kiberiti chake, akakiweka juu ya uchaga wa jikoni pamoja na mbegu. Mwezi wa pili akakiweka cha pili kando ya cha kwanza. Hakukiuka neno hata moja la tangazo, kwa jinsi alivyolielewa. Hakuomba moto kwa mtu. Na aliokuwa nao hakuuwasha, aliukuta.

Tatizo ni kwamba wanawake walikuja. Walikuja bila vigae, wakakaa tu, mikono wameielekeza jikoni, wakazungumza. Kampuni ilikuwa imemtuma askari mmoja, Songoro, mtu wa nchi za mbali, apite vijijini kunusa moshi na kutofautisha wa halali na wa magendo. Songoro alinusa mpaka akapata mafua. Moshi ni moshi. Mwisho akajiwekea kanuni yake: nyumba inayotoka kicheko, hapo ndipo penye moto haramu. Hakukosea.

*

Walikuja asubuhi, Songoro na Feruzi. Feruzi aliamkia kwanza, kama alivyofunzwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni mkae. Chai ipo."

Chai ilikuwa juu ya ushahidi, kwa hiyo Feruzi akakataa. Akauliza kama amenunua kiberiti. Bi. Mashavu akamwonyesha vyote viwili uchagani, havijafunguliwa, Malkia bado anatabasamu.

"Mbona hujavitumia?"

"Moto haujazimika, baba. Niwashe nini?"

Shuleni kwa Kampuni Feruzi alisoma hesabu na namna ya kusimama mbele ya bwana, lakini swali hili halikuwamo. Songoro, aliyekuwa na baridi ya asubuhi, alisogeza miguu yake karibu na mafiga, kisha akakumbuka kazi yake na kuirudisha.

Moto ukakamatwa. Ulizolewa kwa koleo, makaa na vijinga na majivu yake, ukatiwa kwenye sufuria kubwa ya Kampuni, Songoro akaubeba kichwani juu ya ngata iliyoloweshwa. Bi. Mashavu akafuata nyuma, na nyuma yake kijiji. Njiani moto ulifuka kidogo, na wanawake wawili watatu wakajifunga kanga kichwani kama wanaosindikiza jeneza.

Bomani Bwana Faida-Yenu alivaa kofia nyeusi, akafungua sheria za Kampuni. Sheria zilisema wazi kwamba ushahidi utunzwe katika hali uliyokutwa nayo mpaka kesi isikilizwe. Na huu ulikutwa unawaka. Ukizimika hautakuwa tena moto wa magendo, utakuwa majivu, na hakuna sheria ya majivu. Ikaamriwa moto uwekwe mahabusu, uwashwe usiku na mchana, ulindwe na askari mwenye bunduki. Mshtakiwa naye alipaswa kufungwa, ila chumba cha mahabusu kilikuwa kimoja na moto ndio uliowahi. Bi. Mashavu akaambiwa arudi nyumbani.

Na kuni? Hapo pia sheria ilikuwa wazi. Chakula cha mahabusu huletwa na jamaa zake.

*

Hivyo ikawa kila siku Bi. Mashavu anapanda kilima na mzigo wa kuni, kama wanawake wengine walivyokuwa wakipanda zamani na vikapu vya ugali kuwaona waume zao. Alikaa nje ya nondo. Alimwelekeza Songoro: huo mti usiutie sasa, ni wa usiku; puliza kwa chini, bwana, usiupulize usoni kama unamtemea mtu mate. Songoro alijifunza. Alikuwa mbali na kwao, na hajawahi kupewa mfungwa mzuri kama huyu, asiyelaani, asiyeomba maji, na anayempasha mtu miguu.

Nyumbani kwake mafiga yalikaa matatu, meusi, yanatazamana. Alikula viporo kwa jirani yake Bi. Kazija, mkunga, ambaye moto wake ulikuwa wa dukani. Alimshukuru, akala, lakini chakula kilimpita kooni kama cha ugenini. Tumbo la Chausiku lilikuwa limeshuka.

Siku moja aliomba kaa. Moja tu, la kurudisha jikoni. Songoro akamtazama Feruzi, Feruzi akaenda kuuliza. Jibu likaja kwamba ushahidi haupunguzwi. Bi. Mashavu akaomba kuonana na hakimu mwenyewe. Hakimu akamwambia kesi yake itasikilizwa baada ya msimu wa nta, kwa kuwa mashahidi wote wako mizingani. Akakata rufaa. Akangoja barazani. Gavana akampokea kwa upole, manyoya yanatikisika, akamsikiliza habari za binti yake mpaka mwisho, hata machozi yakamlengalenga.

"Mama," akasema, "mimi ningekuwa hakimu, ningekusaidia."

Akiteremka kilima siku hiyo, Bi. Mashavu aliigeuza kesi yake kichwani kama mtu anayekagua muhogo. Akishindwa, moto utamwagwa, kwa kuwa ni wa magendo. Akishinda, moto atarudishiwa, na akiingia nao tu nyumbani watamkamata upya. Uzima wa moto ule ulikuwa katika kuahirishwa. Basi akaanza kuomba kesi yake isisikilizwe kamwe, na kwa kuwa ndivyo mahakama ile ilivyozoea kufanya, akawa mtu pekee katika nchi nzima aliyeridhika nayo.

Ni Songoro aliyempa matumaini. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, bunduki magotini, anatazama makaa.

"Bibi," alisema, "nimefikiri. Sheria inakataza moto kutoka. Haikatazi maji kuingia."

Bi. Mashavu hakuelewa mara moja.

"Lete chungu chako siku hiyo. Nitakiteleka hapa ndani. Kikipata joto unakwenda nacho. Moto utakuwa pale pale, haujapungua hata cheche. Nani atashtaki?"

Bi. Mashavu alimtazama yule askari, mtu ambaye yeye hakujua hata jina la mama yake. Akamwambia, "Mungu akurudishe kwenu salama." Feruzi alikuwa mlangoni na alisikia yote. Akainama kufunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

*

Sasa ikawadia sherehe. Huko ng'ambo Mkataba ulikuwa umefikia mwisho wake, na Malkia, ambaye alikuwa amesahau kabisa kwamba aliwahi kuutia muhuri, alitia tena. Simu ikafika ikisema nchi nzima ifurahi. Bendera zikatundikwa, bendi ikaletwa. Watoto wakafunzwa wimbo kuhusu theluji. Na Kampuni, kwa ukarimu wake, ikatangaza msamaha kwa wakosaji wote: kesi zote zimefutwa, mahabusu watoke, mali zirudishwe kwa wenyewe.

Bi. Mashavu hakusikia tangazo hilo. Alikuwa ndani, kwa sababu uchungu wa Chausiku ulianza alfajiri, pamoja na mvua. Ilikuwa mvua nyembamba ya baridi, ile isiyo na haraka. Bi. Kazija alipomwambia mtoto yu karibu, alijitwika chungu cha maji ya kisimani, akakifunika kwa jani la mgomba, akapanda kilima. Alikwenda kwa mwendo wa mtu aliyebeba maji, yaani upesi kadiri awezavyo bila kukimbia.

Alipofika akashangaa kuona watu wote wa nchi wamesimama mvuani. Bwana Faida-Yenu alikuwa jukwaani na kofia ya manyoya yaliyolowa. Alikuwa anasema kwamba zamani watu hawa walikuwa vikundi vikundi, kila mtu na jiko lake, lakini leo, kwa juhudi za Kampuni, wote ni familia moja. Watu waliguna. Kwao hayo hayakuwa maneno ya sherehe, ilikuwa ndiyo shida yenyewe. Bwana akadhani wanashangilia.

Kisha akamwona Bi. Mashavu na chungu chake, na uso wake ukang'aa.

"Ah, huyu hapa mama yetu. Na amekuja na maji. Mnaona jinsi wanavyoelewa wenyewe?"

Akamshika mkono, akampandisha jukwaani. Akawaambia watu kwamba mama huyu alikuwa mkosaji mkubwa, na leo Malkia amemsamehe. Kesi haipo tena. Na kwa kuwa kesi haipo, ushahidi hauna kazi. Akamwita Songoro. Songoro alitoka mahabusu na ile sufuria, ameibeba kwa mikono miwili, moto unawaka vizuri, wekundu mtupu bila moshi. Alikuwa ameutia zile kuni nzuri tangu asubuhi, akingoja chungu.

"Kwa faida yenu," akasema Bwana Faida-Yenu.

Songoro hakusogea. Alimtazama Bi. Mashavu. Bi. Mashavu alitaka kusema kitu, na kila mtu aliona kwamba anataka, ila mwanamke aliyetwikwa chungu hawezi kuinama wala kupiga magoti, na maneno aliyoyajua ya kumwomba mkubwa yote yalikuwa ya kusemwa mtu amepiga magoti. Akasema tu, "Bwana, ni maji ya mtoto."

Feruzi, ambaye kazi yake ilikuwa kufasiri, alifasiri. Sauti ilimkatika katikati, akaanza tena.

"Vizuri sana," akasema bwana, aliyekuwa amesikia neno mtoto tu. "Ni kwa ajili ya watoto."

Akakipokea chungu kutoka kichwani kwa Bi. Mashavu kwa mikono yake mwenyewe, kwa heshima kabisa, kama mtu anavyompokea mgeni mzigo, akakiinamisha juu ya sufuria. Moto ulipiga kelele mara moja. Mvuke ukapanda, ukawafunika wote wawili, na walipoonekana tena bendi ilikuwa imekwisha kuanza kupiga.

Mali zirudishwe kwa wenyewe, ndivyo tangazo lilivyosema. Makaa yaliyolowa yakatiwa guniani, Bi. Mashavu akakabidhiwa. Akapewa na zawadi ya sherehe: kiberiti kimoja, bure. Songoro alimtwika lile gunia.

*

Jioni ile Bwana Faida-Yenu alikaa mezani, akawaandikia wanahisa wa ng'ambo kwamba moto wa mwisho wa magendo umezimwa kwa hiari ya mwenyewe, tena kwa maji aliyoyaleta kichwani kutoka mbali, na kwamba hajapata kuona katika utumishi wake tukio lililomgusa moyo kama hilo. Akaomba viongezwe viberiti.

Wakati anaandika, huko Mifereji mtoto alikuwa amezaliwa. Msichana. Alikuwa mdogo, na rangi yake haikumpendeza Bi. Kazija. Alilia kidogo, kisha akaacha, na kuacha kwenyewe kulikuwa kubaya kuliko kulia. Mvua ilikuwa inapenya kwenye makuti.

"Ana baridi huyu," akasema Bi. Kazija. "Mashavu, apate maji ya moto. Nikimbie kwangu kuleta?"

"Kwako ni dukani."

"Na hicho ulichoshika mkononi ni nini?"

Bi. Mashavu alitazama mkono wake. Alikuwa bado amekishika kile kiberiti cha zawadi, picha imebonyea. Akamtazama mtoto. Akamtazama Chausiku, ambaye alikuwa amefumba macho, anasikiliza. Alijua akikiwasha, mtoto huyu ni wa kwa mjomba mwenye kofia tatu, kwa sheria ya Mifereji isiyo na rufaa. Na asipokiwasha, hatakuwa wa mtu.

Alikuwa hajawahi kuwasha kitu maishani mwake. Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili akaishika karibu na kichwa kama alivyoona wenzake wakifanya, ikamuunguza kidole, hakuitupa. Akaiingiza chini ya majani makavu ya uchagani. Akapuliza kwa chini. Moto ukashika, moto wowote, wa njano, usio na adabu, haujui kukaa katikati ya mafiga. Akateleka maji. Kisha akafungua gunia, akatoa makaa ya mama yake, akayapanga pembeni yake moja moja. Yalifoka, yakatoa povu, yakatokota. Yakakauka. Halafu nayo, polepole, yakaanza kuwa mekundu.

Maji yalipopata joto alikaa chini, akanyoosha miguu, akamlaza mjukuu wake juu ya miundi, pale penye wavu wa kahawia. Akamwosha taratibu. Akataja majina, la mama yake, la mama wa mama yake, na wengine nyuma yao, mpaka yalipokwisha. Katikati ya majina mtoto alilia, sauti ya kukasirika kabisa, na Bi. Kazija akasema alhamdulillahi, akatoka nje kutupa maji machafu.

"Mama," akaita Chausiku kutoka kitandani.

"Naam."

"Moto wetu huo?"

Bi. Mashavu alimgeuza mtoto, akamwosha mgongo.

"Makaa ni yetu, mwanangu," akasema.

Chausiku alikuwa amezaliwa jikoni mle, na tofauti ya makaa na moto aliijua tangu hajajua kutembea.